Mwanga Tusiouona

Usiku ule, katika hospitali moja mjini Embu, muuguzi alikibana kidole cha mama kwa kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu. Ndugu yangu, mwanafunzi wa fizikia, akanieleza kuwa mwanga mwekundu tuliouona ulikuwa na mwenziwe tusiyemwona: infraredi, yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 940. Yote miwili hupenya kidole ikapokelewa na silikoni.

Akaongeza kuwa watafiti wanaunda vipokezi vya plastiki laini, viwezavyo kukunjika kama ngozi. Kikwazo ni mkondo wa umeme unaovuja hata gizani na kuzimeza ishara dhaifu; hivyo molekuli hubuniwa upya ili kuupunguza.

“Ni mata ogani,” akasema.

“Kama mboga za Meru zisizotiwa dawa?” mama akauliza kwa shida.

Ndugu yangu akanyamaza. Nikajaribu mimi: “Ni mata za kaboni, mama, jamaa ya makaa.”

“Sasa nimeelewa, mwanangu.”

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu wanakiswahili ni istilahi: mgonjwa ana haki ya kuuelewa mwanga unaompima.