Nilificha daftari, nikafeli



Mimi ni mkulima na mama wa watoto wanne. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa. Kwa miaka mingi nilishika jembe tu. Kalamu niliiacha.

Kisha nikapata habari kwamba mtu mzima anaweza kupata cheti cha kidato cha nne bila kurudi kukaa darasani na watoto. Kwanza hufanya Mtihani wa Maarifa. Mtihani huo hupima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Akifaulu, huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Niliuza mbuzi mmoja, nikalipa ada ya mtihani. Niliazima vitabu. Lakini niliona haya. Niliogopa majirani watasema, "Mtazameni mama mzima anataka kuwa mwanafunzi!" Daftari nililificha chini ya godoro. Nilisoma usiku, watu wote wamelala. Nisipoelewa, sikumwuliza mtu.

Nilifeli. Hisabati ndiyo iliyoniangusha. Mume wangu alisema, "Mbuzi wetu ameliwa na karatasi." Neno hilo liliniuma sana.

Siku moja binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, aliliona daftari langu. Nilikuwa nimejumlisha nusu na theluthi, nikapata 2/5. Hakunicheka. Alinipeleka kwenye shamba la viazi.

"Mama, hesabu matuta sita. Nusu yake ni mangapi?"

"Matatu."

"Na theluthi yake?"

"Mawili."

"Jumla?"

"Matano."

"Matano katika sita. Basi mama, jibu ni 5/6."

Nilibaki nimesimama na jembe langu. Matuta yale niliyalima mwenyewe. Hesabu ile niliijua siku zote. Sikuitambua kwenye karatasi, tena imeandikwa kwa Kiingereza.

Tangu siku hiyo sikuficha daftari tena. Kila jioni baada ya chakula tulisoma mezani, mimi na binti yangu. Maneno ya Kiingereza ya hisabati niliyaandika kwenye ukurasa mmoja, nikayasoma kila siku. Jirani yangu mmoja naye akaja na daftari lake. Kumbe naye alikuwa analificha!

Nilirudia mtihani. Asubuhi ile mume wangu mwenyewe alinipeleka kwa baiskeli. Nilifaulu. Sasa najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Ndugu zangu, kama unataka kusoma, mwone afisa wa elimu ya watu wazima wa wilaya yako. Atakueleza jinsi ya kuanza. Usipoelewa, uliza, hata kama wa kumwuliza ni mtoto uliyemzaa. Mimi haya ilinila mbuzi na mwaka mzima. Isikule na wewe.