Ligi Niliyoichora kwa Rula

Jumamosi yangu ya kwanza uwanjani, mwaka 2009, nilidhani kumetokea ajali. Tulikuwa kwenye kijiji kimoja nje kidogo ya Wodonga, upande wa Victoria wa Mto Murray, na umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi hata zikawa zinalia chini ya kiatu. Magari yalikuwa yamepangwa kuuzunguka uwanja mzima, pua zikitazama ndani, na wazee wamekaa humo na chupa za chai magotini. Kijana mmoja akaupiga mpira, ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu, na mara magari yote yakapiga honi kwa pamoja. Nilikotoka, honi nyingi hivyo ama ni harusi ama ni balaa. Nikageuka kumtafuta bibi harusi. Jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akacheka mpaka akamwaga chai. "Hilo ni goli," akasema.

Tulikuwa tumefika miezi michache kabla, mimi, dada yangu na mwanawe wa miaka sita, kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma. Wakongo wenzetu walikuwa wameshaanza kuhamia miji hii pacha ya Albury na Wodonga, iliyotenganishwa na mto, kila mmoja ukiwa katika jimbo lake. Mchezo wa hapa wenyeji huuita futi. Mpwa wangu aliupa jina lake mwenyewe, mpira wa papai, kwa sababu ya umbo lake.

Hakukawia kuuelewa, mimi ndiye niliyechelewa. Kila upande una wachezaji 18, uwanja wenyewe ni duara la yai, na kila mwisho una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya ile miwili mirefu ni pointi sita, ukipita pembeni yake ni pointi moja ya kufutia machozi. Mkono unaruhusiwa, ila hurushi: unauweka mpira kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine. Na ukiudaka hewani mpira wa mguu uliotoka mbali, basi umesalimika, unapewa nafasi upige bila kuguswa. Mpwa wangu alikuwa na mikono ya kudaka. Akiwa darasa la tano alikuwa akiruka juu ya mabega ya wenzake kana kwamba anachuma embe.

Mwaka 2013 tulikaa mbele ya televisheni kumwangalia Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, akiichezea North Melbourne mechi yake ya kwanza. Teke lake la kwanza likawa goli. Dada yangu, ambaye hajawahi kujua timu ipi inaelekea wapi, alipiga kigelegele. Baadaye akaja Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, kule Turkana nchini Kenya. Mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Australia nzima. Mpwa wangu alikata picha yake gazetini na kuibandika mlangoni mwa chumba chake. "Mjomba," aliniambia, "huyu naye amezaliwa kambini kama mimi."

Kwa hiyo alipofika miaka 19, mwaka 2022, swali likawa moja: anaendelea wapi?

Juu kabisa kuna AFL, ligi ya klabu 18, kumi kati yake za Victoria. Chini yake kuna ligi za majimbo, na kwa sisi wa huku iliyo karibu ni VFL. Karibu yenyewe ni Melbourne, kilomita 320 kwa barabara kuu ya Hume. Klabu moja ya huko ikamwita afanye mazoezi na kikosi chao. Majira yale ya baridi nilikuwa nikitoka kazini saa saba mchana, namchukua, tunaendesha. Anafanya mazoezi chini ya taa, mimi nalala garini, kisha tunarudi huku tukiwachungulia kangaruu wasituvamie barabarani. Tulikuwa tukiingia nyumbani saa saba usiku, na alfajiri nina zamu kiwandani. Usiku mmoja, tumeshaipita Wangaratta, akasema taratibu, "Mjomba, tusiende tena." Sikumjibu. Hata mimi nilikuwa nimechoka, na niliona aibu kwamba nimefurahi.

Wiki iliyofuata nilinunua ramani, nikatoa rula na kalamu nyekundu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Nilipendekeza ligi mpya ya daraja la pili kwa miji ya mikoani: Albury-Wodonga, Wagga Wagga, Shepparton, Bendigo, Ballarat na Canberra. Timu sita, kila moja na klabu mpya, jezi mpya na kocha wa kulipwa. Nilieleza kwamba nchi hii ya mtoni imezaa vipaji miaka yote. Wagga imetoa Wayne Carey na Paul Kelly, na ligi ya Ovens na Murray ipo tangu mwaka 1893. Nikaandika, kwa fahari, kwamba bingwa atapanda daraja.

Niliisoma mbele ya kamati ya klabu yetu jioni ya Alhamisi, baada ya mazoezi, katika chumba kinachonuka dawa ya kuchua misuli na vitunguu vya kukaanga. Nilipofika kwenye kupanda daraja, watu wakatazamana. "Anapanda kwenda wapi?" akauliza mmoja, kwa upole.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeandika ligi ya Tanzania kwa rula ya Australia. Kule Tanzania timu ya mkoa inaweza kuota: ikishinda inapanda, ikishindwa inashuka, na siku moja itakutana na Simba au Yanga. Huku AFL haiingiwi kwa pointi, inaingiwa kwa leseni. VFA, chama cha zamani kilichokuja kuitwa VFL, kiliwahi kuwa na divisheni mbili na kupandishana daraja, kuanzia mwaka 1961 hadi 1988, lakini ilikuwa ndani ya nyumba yake yenyewe. Bingwa wa daraja la pili hapa hupewa kombe na bendera, na mwaka unaofuata yuko palepale.

Mzee mmoja akainuka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na kofia iliyofifia. Ilikuwa ya Murray Kangaroos. Sikuwahi kuisikia timu hiyo. Ilicheza VFL kuanzia mwaka 2000 hadi 2002, imefungamana na North Melbourne, ikiwa na mguu mmoja huku kwetu mtoni. "Tulishapita njia hiyo, rafiki," akasema, akaiweka kofia juu ya ramani yangu, na hakuongeza neno.

Kuanzia usiku ule nilianza kusoma historia ya ligi za kati, na ilikuwa kama kutembea makaburini. North Ballarat ilitwaa ubingwa wa VFL mara tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010, na mwaka 2017 ikapoteza leseni. Ligi ya kaskazini mashariki, NEAFL, ilianzishwa mwaka 2011 kuunganisha timu kuanzia Darwin mpaka Canberra. Janga la korona likafuta msimu wake wa 2020, na mwaka 2021 baadhi ya klabu zake zikaingizwa VFL, ambayo ghafla ikawa na timu 22. Southport ya Gold Coast ikawa inacheza ligi moja na Werribee ya Melbourne, zaidi ya kilomita 1,600 za barabara kati yao. Aspley ya Brisbane ilicheza msimu mmoja tu, ikajitoa.

Rasimu ya pili niliipunguza. Nikaondoa Canberra na Ballarat, ambazo zilikuwa zimeachana kwa zaidi ya kilomita 700. Mweka hazina wetu, mkulima anayehesabu hata kamba, akageuza karatasi yangu na kuandika nyuma yake: basi, dereva, chakula cha vijana, bima, waamuzi. Hakujumlisha. Alinirudishia karatasi nijumlishe mwenyewe.

Lakini aliyeivunja kabisa ni mama anayesimamia kantini. Alikuwa akisugua sahani, mgongo wake kwetu. Akauliza, "Vijana wako bora 25 wakienda huko Jumamosi, hapa watacheza nani?"

Nilijibu kwamba watabaki wengine. Akakausha mikono, akaja mezani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Asubuhi wanacheza vijana wa chini ya miaka 18, kisha timu ya akiba, kisha wakubwa saa nane mchana. Pembeni, kwenye viwanja vya lami, wasichana na wanawake wanacheza netiboli tangu asubuhi. Kijana mmoja wa timu ya wakubwa anakuja na mchumba anayecheza netiboli, mdogo wake aliye kwenye timu ya vijana, baba anayepeperusha bendera za goli na mama anayekata machungwa ya mapumziko. "Ukimchukua mmoja," akasema, "umechukua watano. Na hao watano ndio wanaonunua chai yangu. Chai yangu ndiyo inayonunua mipira ya mwakani."

Nilitaka kubishana naye. Kisha ukaja mwaka 2023, na Corowa-Rutherglen, klabu ya ligi ileile kongwe niliyoisifu, haikucheza msimu ule kwa kukosa wachezaji. Mwaka huohuo Tasmania ilipewa leseni ya AFL, timu yao iingie mwaka 2028, na kisiwa kizima kikashangilia. Lakini ligi yao ya jimbo, iliyofufuliwa mwaka 2009, ilimaliza msimu wake wa mwisho mwaka 2024, na klabu zikarudi kwenye ligi za mikoa yao. Hata walioipata ngazi ya juu kabisa waliona bora klabu zirudi karibu na nyumbani. Nikaitazama tena ramani yangu. Kila mstari mwekundu ulipita juu ya kijiji chenye uwanja, na hakuna kijiji hata kimoja nilichokuwa nimekiandika jina.

Rasimu ya tatu haikuwa na klabu mpya. Ilisema mikoa minne ichague timu teule, kama zinavyofanya ligi za vijijini tangu zamani, ila badala ya mechi moja ya mwaka ziwe tano, wikendi ambazo ligi za vijijini zimepumzika. Mchezaji abaki wa klabu yake, kocha wa VFL atakayetaka kuona vipaji aje yeye kwetu, aendeshe yeye hizo kilomita 320.

Ya nne ndiyo niliyo nayo sasa. Ukurasa wake wa kwanza ni zamu za kantini: nani anafungua, nani anakaanga, pato linagawanywa vipi kati ya vijiji. Ramani iko mwisho, na haina mistari.

Mpwa wangu sasa anajenga uzio wa mashamba na anaichezea klabu yetu. Picha ya Aliir bado iko mlangoni. Siku hizi na mimi huegesha gari langu ukingoni, pua ndani, na akifunga napiga honi kuliko wote. Simwambii kwamba ningependa kumwona akicheza mbele ya watu wengi zaidi. Anajua.

Mwezi uliopita niliipeleka rasimu ya nne jikoni. Mama wa kantini aliisoma yote kwa kusimama, miwani puani, kisha akachukua penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye bei za chai. Nikashika pumzi. Alikata tarehe moja tu, ya mechi ya tano.

"Agosti hapana," akasema. "Ng'ombe wanazaa."