Mstari wa Majivu

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii nilikuwa nikiiandika tu kwenye insha ili nipate alama, hadi siku moja ya muhula wa pili, mwaka 2024, iliponipata uwanjani nikiwa na kibendera mkononi.

Uwanja wetu hauna chokaa. Siku ya mechi tunachora mistari kwa majivu ya jikoni. Siku hiyo sisi kidato cha pili tulikuwa tunacheza na kidato cha tatu. Mimi si mchezaji hodari, kwa hivyo nikapewa kibendera. Mwalimu wa michezo ndiye alikuwa refa. Tulipima mita 16.5 kutoka mstari wa goli, tukachora eneo la penalti. Kisha akaniambia niweke jiwe nje ya uwanja, sambamba na mstari huo.

"Majivu hayaaminiki," akasema. "Mvua ikija, jiwe litabaki."

Kabla ya mechi aliwaita makapteni wawili akawaonyesha lile jiwe, ili asije mtu akadai hakuambiwa.

Mvua ilikuja kweli, kipindi cha pili. Majivu yakawa uji. Mstari wa goli haukutusumbua, maana ukitazama kutoka mlingoti mmoja hadi wa pili utajua kama mpira wote umevuka. Pembeni nako kuna vibendera vya kona. Taabu ni eneo la penalti, halina mlingoti wala kibendera.

Basi, dakika za mwisho, bado sufuri kwa sufuri, beki wetu, ambaye ni rafiki yangu tunayeketi deski moja, akampiga ngwala mshambulizi wao. Firimbi ikalia. Wetu wakapiga kelele, "Nje! Nje!" Wao, "Ndani!" Refa akaja kwangu.

Nilikuwa nimesimama penye jiwe. Niliona vizuri: ngwala ilipigwa juu ya mstari wenyewe, ule ambao haukuonekana tena. Na kwa sheria, mstari ni sehemu ya eneo lake. Kosa la beki juu ya mstari huo ni penalti. Lakini nikisema nje, nani atanibishia? Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 mstari ulikuwa mweupe pe, na hadi leo watu wanabishana kama mpira wa Geoff Hurst ulivuka. Sembuse huu wangu wa majivu?

"Juu ya mstari, Mwalimu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Penalti ikaingia. Tukafungwa moja. Darasani niliitwa msaliti, na rafiki yangu akahama deski wiki nzima. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Si ungenyamaza?"

Nikamwambia, "Mstari huo niliuchora mimi."

Hakujibu. Akafungua kitabu, tukaendelea na hesabu.