Mwaka wa saa nane na nusu

Wadau, mnisamehe kwa kimya. Bumu limechelewa, halafu jana nilikuwa na semina ambayo alama zake ndizo za kuniokoa na sapu. Mada yangu: Kepler-78b.

Hii sayari ilitangazwa 2013. Ni ya mawe na chuma kama Dunia yetu, imetuzidi ukubwa kidogo tu. Ila inaizunguka nyota yake kwa saa 8.5! Yaani unalala, unaamka, mwaka umeisha. Iko kama kilomita milioni 1.5 tu kutoka kwenye nyota, wakati sisi na Jua ni milioni 150. Upande wa mchana joto linapita nyuzi 2,000, mwamba unayeyuka. (Chumba chetu cha ghorofa ya juu, saa nane mchana, kinaikaribia.)

Nilikuwa nashuka vizuri mpaka mwalimu akauliza, "Iliumbika wapi?" Nikajibu haraka, palepale. Akatabasamu. Nyota ikiwa changa huwa nene zaidi, akasema, kwa hiyo pale ilipo sayari leo palikuwa ndani ya nyota yenyewe. Sasa ilijengwaje humo?

Ukumbi kimya. Jasho.

Nikasema basi ilizaliwa mbali, ikasogea. "Ilisogezwa na nini?" Hapo nikakwama kweli. Kumbe hata wataalamu bado wanabishana. Na bado inavutwa ndani polepole, mwisho nyota itaimeza, ingawa ni mabilioni ya miaka.

Matokeo yanabandikwa Ijumaa. Rumeti anauliza kama nina buku nimwazime.