Vichwa vya Habari Vikatwavyo Vibaya

Mtu apitaye Nakuru asubuhi huwakuta wauza magazeti wamezikunja karatasi zao, hata katika kichwa cha habari mstari wa juu tu ndio uonekanao. Wengi husoma huo, wakaenda zao. Kwa hiyo mahali pa kukata mstari si jambo la urembo tu.

Kwa mfano, ikiwa gazeti limeandika BODI HAITANUNUA MAHINDI, na chini yake YENYE UNYEVU MWINGI, habari yenyewe ni ya kweli, maana Bodi ya Nafaka hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lakini mkulima wa Njoro aliyeona mstari wa kwanza peke yake aweza kumwuzia dalali magunia yake kwa bei ya kutupa, kumbe yalihitaji kuanikwa siku chache tu! Kama ungetangulia mstari usemao MAHINDI YENYE UNYEVU, hasara hiyo isingekuwako.

Neno dogo SI ndilo lenye hatari kuliko yote. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi iharibuyo meno ya watoto. Basi kichwa kisemacho MAJI HAYA SI, kisha SALAMA KWA WATOTO, humwachia mama mwenye haraka mstari wa pili tu machoni.

Gazeti la Baraza lilipoanza Nairobi mwaka 1939, chapa zilikuwa za risasi, na kila kichwa kilipita mikononi mwa mtu. Makosa yalikuwako hata wakati huo, wala si kweli kwamba wazee wote walikuwa mabingwa. Lakini siku hizi kompyuta hukata maneno yenyewe, na mara nyingi kwa kanuni za Kiingereza. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa vokali: shamba ni sha-mba, wala si sham-ba. Mashine isiyofundishwa huiona alama ya ng' ikadhani neno limekwisha, hata mfugaji akakuta NG' huku na OMBE kule. Tena kitenzi chetu ni kirefu, HAWATAYANUNUA ni sentensi nzima, na safu za gazeti ni nyembamba.

Dawa yake haina gharama. Kabla gazeti halijaenda mtamboni, mtu mmoja akisome kichwa kwa sauti, akitua mwishoni mwa kila mstari. Karani yeyote aliyezoea kumsomea mkubwa wake barua aweza kazi hiyo kwa dakika tatu.