Pia ya Babu, Pia ya Dukani

Likizo ya Juni tulikwenda ukweni, nje kidogo ya Sumbawanga. Baridi ya Ufipa, jamani, usiombe! Baba mkwe akampa mwanetu wa miaka miwili pia aliyoichonga mwenyewe kwa kipande cha mninga. Haikuwa na rangi wala vanishi, mafuta ya kula tu. Kusema ukweli, niliiona ya kishamba. Nikaenda mjini kununua nyingine, nyekundu na njano, ya babu nikaisukumia uvunguni. Mume wangu aliniona, akanyamaza.

Siku ya tatu ile ya dukani ikaanza kubanduka. Mtoto nikamkuta na vipande vyekundu ulimini. Moyo ulinilipuka! Baadhi ya rangi zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Dukani sikuuliza kitu, nilitazama mng'ao tu.

Nikainama uvunguni, nikaitoa ya mninga.

"Baba, naomba umchezeshee mjukuu wako."

Akaizungushia kamba, akairusha. Mtoto akapiga makofi. Mume wangu akasogea kukaa karibu yangu, mara ya kwanza tangu nitoke mjini.

Mwenzangu, zawadi ya ukweni usiipime kwa rangi.