Doa la Wino Lisiwe Ugomvi wa Kuhama

Kuhama hakuanzi siku lori linapoegeshwa mlangoni. Kwetu, tuliokuwa tumepanga Nkende, pale Tarime, kulianza wiki tatu kabla. Mimi na mume wangu tulipita chumba hadi chumba na daftari, tukihesabu madoa.

Usicheke. Mume wangu ni mwalimu, na bolpeni yake nyekundu ilikuwa imevujia kochi. Mtoto alichora ukuta kwa makapeni. Wifi zangu walipakana piko ya harusi, nayo ikadondokea sakafu ya saruji.

Sasa hapo ndipo penye hatari, msomaji. Kila doa lina mwenyewe! Mkianza "hili la kwako, lile la ndugu zako", mtahamia nyumba mpya na kinyongo cha zamani. Sisi tuliwekeana sharti: daftarini tunaandika mahali doa lilipo na aina yake, basi. Jina la mtu marufuku.

Aina ndiyo inayokuambia uanzie wapi. Wino wa bolpeni una mafuta, ukiumwagia maji matupu hautoki. Chukua pamba yenye spiriti ya duka la dawa, ugonge kidogokidogo kutoka pembeni kwenda katikati. Usisugue. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, fungua madirisha, na kaa mbali na jiko, maana spiriti inashika moto haraka.

Makapeni kwenye rangi ya mafuta mara nyingi hufutika kwa spiriti hiyohiyo. Kwenye rangi ya maji, spiriti inaweza kubandua rangi yenyewe. Na ukipaka rangi mpya juu ya wino, doa huchungulia tena. Mwambie fundi atangulize mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya kuzuia doa, ikauke, ndipo apake ya juu. Hiyo si kazi ya usiku mmoja, hasa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto.

Shuka likichujiwa na kitenge, usilianike wala kulipiga pasi. Moto hugandisha rangi. Lirudishe kwenye maji baridi na sabuni. Jiki ni kwa pamba nyeupe tu, na kamwe usiichanganye na siki, ndimu wala dawa ya choo. Hutoa hewa ya sumu.

Piko ilitushinda. Saruji ina vitundu, inanyonya. Ilififia, haikutoka. Tukamwita mama mwenye nyumba kabla hajaikuta mwenyewe: "Shikamoo mama, hili limetushinda." Alikuwa na dhamana yetu ya kodi ya mwezi mmoja mkononi. Akaulizia bei ya fundi, tukakubaliana akate gharama ya kupaka upya chumba kile, nyingine akaturudishia.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyopauka kwa miaka ni uchakavu. Mchoro wa makapeni, jamani, tusidanganyane.

Kwa hiyo mkipata tu tarehe ya kuhama, kaeni wawili na daftari. Gawaneni kazi, msigawane lawama. Dhamana mkikatwa mtaitafuta tena. Maneno mliyotupiana usiku wa kufunga mizigo hayana spiriti ya kuyatoa.